YouTube kwa bendi ya dansi: uzoefu wangu

Napiga gitaa la rizimu katika bendi ya muziki wa dansi hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa wenzangu waliona sichoki kushika simu, walinikabidhi pia kazi ya kusimamia chaneli yetu ya YouTube. Tathmini hii naiandika kwa jicho la mwanamuziki wa jukwaani, ambaye riziki yake hutegemea kiingilio cha mlangoni na mialiko ya harusi. Msanii wa Bongo Fleva mwenye lebo, meneja na bajeti ya kwenda kupiga video Afrika Kusini ana mahitaji mengine, na kwake huduma hii imekwisha kujithibitisha: mwaka 2020 chaneli ya Diamond Platnumz ilivuka jumla ya mara bilioni moja za kutazamwa. Swali langu ni dogo zaidi. Je, bendi ya watu kumi na kitu, yenye tumba, magitaa matatu na wanenguaji, inaweza kupata wapenzi wapya kwa njia hii? Jibu langu ni ndiyo, ila wapenzi hao hawaji kwa mlango ambao watu wengi huuelekezea macho.

Nianze na jambo ambalo YouTube inalifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote tulichowahi kukitegemea. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: mwanzo wa taratibu, ambamo mwimbaji husimulia kisa chake, na chemko, ambapo magitaa hupokezana, tumba hupanda, rapa, yule anayechombeza kwa maneno na kutaja majina ya watu, hushika kipaza sauti na wanenguaji huingia. Wimbo mzima unaweza kufika dakika nane au kumi. Vituo vya redio na televisheni siku hizi hupendelea nyimbo za dakika tatu au nne, kwa hiyo hata kibao chetu kikibahatika kupigwa, mtangazaji hurudi hewani chemko likiwa halijaanza, na msikilizaji asiyetujua hubaki akidhani sisi ni bendi ya nyimbo za huzuni. Kwenye YouTube hakuna anayetukata. Tunaweka wimbo kama tunavyoupiga ukumbini, kuanzia kinanda kinapofungua hadi drams inapofunga.

Kisha huduma yenyewe inakuonyesha watu walifanya nini na huo wimbo. Ndani ya programu ya YouTube Studio kuna mchoro unaoonyesha, sekunde kwa sekunde, ni sehemu gani watazamaji walibaki na sehemu gani waliondoka. Kwenye video yetu ya mwanzo mstari ule ulishuka polepole katika beti zote, ukafika chini kabisa karibu na dakika ya nne, halafu ukaruka juu ghafla pale gitaa la solo linapoingia. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wanaziacha beti na kwenda moja kwa moja kwenye chemko, na wengine walikuwa wanalirudia. Tangu mwaka 2022 hata mtazamaji wa kawaida huonyeshwa sehemu iliyorudiwa zaidi, juu ya mstari wa muda wa video. Mwimbaji wetu, ambaye ndiye mtunzi, aliutazama mchoro ule bila kusema neno. Mpiga solo aliomba apigiwe picha ya mchoro huo. Mimi nilichukua hatua moja tu: video zilizofuata ziliandikwa chini yake dakika ambayo chemko linaanza, ili anayelitaka alipate kwa kubonyeza, na anayependa kisa cha wimbo akisikilize kwa raha zake.

Tumejaribu aina mbili za video. Ya kwanza ni ile ya kumlipa mwongozaji: gari la kukodi, ufukwe, mlimbwende anayetembea taratibu, na sisi tukiwa tumesimama mchangani na magitaa ambayo nyaya zake hazikuchomekwa popote. Ya pili ni ya mazoezini: simu mbili juu ya vistendi, mmoja wetu akizungusha ya tatu kwa mkono, na sauti ikichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mikseri na fundi mitambo wetu. Ile ya ufukweni ilikimbia katika siku za mwanzo kisha ikasimama. Ile ya mazoezini ilianza kwa kusuasua, lakini imeendelea kutazamwa hadi leo, na maoni yaliyo chini yake ni ya aina nyingine kabisa. Chini ya ile ya ufukweni watu waliuliza jina la mlimbwende. Chini ya ile ya mazoezini waliuliza mpiga besi ni nani, gitaa limetyuniwaje, na Jumamosi tunapiga ukumbi gani. Anayeuliza swali hilo la mwisho ndiye mpenzi wa bendi, kwa sababu yuko njiani kuja kulipa kiingilio.

Sababu moja ni bando. Mtazamaji wa Mbagala au Tandika anayetumia bando la siku hatazami video kwa ubora wa juu. Huishusha hadi kiwango cha chini ili bando lisiishe kabla ya jioni. Kwa kiwango hicho mandhari ya bahari huwa ukungu wa buluu, na picha zinazokatwa haraka haraka hazieleweki, ilhali mkono wa mpiga gitaa uliopigwa kwa karibu bado unaonekana, na sauti iliyorekodiwa vizuri bado inabeba wimbo. Sababu nyingine ni kwamba muziki wa bendi ni kazi ya mikono, na watu hupenda kuona kazi hiyo ikifanyika. Tuliwahi kuweka kamera moja peke yake kwenye mkono wa kushoto wa mpiga solo wakati wote wa chemko. Vijana wanaojifunza gitaa waliijaza sehemu ya maoni, na wawili kati yao walifika mazoezini na magitaa yao.

Hilo halina maana kwamba video yenye ubunifu haina kazi. Mwaka 2006 bendi ya Marekani iitwayo OK Go ilicheza juu ya mashine nane za mazoezi ya kukimbia, kamera ikiwa imesimama mahali pamoja na bila kukatwa hata mara moja, na video hiyo ya gharama ndogo ikawaletea tuzo ya Grammy mwaka 2007. Jirani zetu wa Nairobi, Just A Band, walifanya jambo lililo karibu nasi zaidi. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa zimefika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na Machi 2010 wao wakatoa video yenye shujaa wa kubuni aitwaye Makmende, aliyevalishwa na kupigana kwa mtindo wa filamu za miaka ya 1970. Wakenya walimchukua Makmende wakaanza kumtungia mizaha kwenye Facebook na Twitter, hadi vyombo vya habari vya Marekani vikaandika habari zake. Ninachokiona katika mifano hiyo miwili ni kwamba wazo lilikuwa la kwao, na lingeweza kusimuliwa kwa sentensi moja. Gari la kukodi haliwezi kusimuliwa. Nina shaka moja tu kuhusu Makmende: nimekutana na watu wengi wanaomkumbuka yeye lakini hawawezi kuitaja bendi iliyomleta, na hiyo ni hatari ambayo bendi inapaswa kuipima kabla ya kumpa mhusika wa kubuni nafasi yote.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni mahali walipo wasikilizaji. Rekodi za zamani zilizofanywa Redio Tanzania Dar es Salaam, za bendi kama Mlimani Park, Juwata na nyinginezo, zimejaa YouTube, na nyingi ziliwekwa na wapenzi waliokuwa wamezihifadhi kwenye kanda. Soma maoni yaliyo chini yake: watu wazima wanaoandika wakiwa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, wakikumbushana kumbi na wanamuziki waliotangulia mbele ya haki. Hao ndio waliotufikia sisi pia, kwa kuwa YouTube humpendekezea anayesikiliza dansi la zamani dansi jingine. Ripoti ya nchi kwenye chaneli yetu inaitaja Oman karibu na Kenya, na hatujawahi kupanda jukwaa lolote la Muscat. Mapedeshee, yaani wenye fedha wanaoitunza bendi ili majina yao yatajwe, nao wamehamia huko huko. Zamani aliyetaka kutajwa na rapa alilazimika kuwa ukumbini na noti mkononi. Sasa kuna anayetuma fedha kwa simu kutoka ughaibuni na kuomba jina lake litajwe kwenye chemko la video ijayo. Tunamtaja, ingawa naona jina lililotajwa ukumbini lilikuwa linaisha usiku ule ule, na hili la video litadumu hata baada ya pedeshee kufilisika.

Kuhusu fedha za matangazo, bendi ndogo isijidanganye. Ili kugawiwa mapato ya matangazo chaneli inahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi za Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hapa urefu wa nyimbo zetu ni neema: saa 4,000 ni dakika 240,000, na kama kila mtu anatazama dakika tano, zinatosha mara 48,000 za kutazamwa, wakati mwenye wimbo wa dakika tatu anahitaji mara 80,000, tena zitazamwe hadi mwisho. Ukishaingia, sehemu yako ni asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu. Hata hivyo watangazaji hulipa kulingana na nchi ya mtazamaji, malipo hayatoki mpaka yafike dola 100, na tangu 2021 mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya nchi hiyo, ambayo kwa Mtanzania inaweza kufika asilimia 30. Kinachobaki kinagawanywa kwa watu kumi na kitu. Kwetu fedha hiyo hununua nyuzi za magitaa na mafuta ya jenereta.

Kero kubwa tuliyoipata ni ya hakimiliki. Kampuni moja ya usambazaji ilisajili kwa jina la mtu mwingine rekodi tuliyoipiga wenyewe, na mfumo wa kutambua sauti, ambao hulinganisha kila video na rekodi zilizosajiliwa, ukaelekeza mapato ya video yetu kwa huyo mtu. Kupinga kunawezekana, na mdai hupewa siku 30 za kujibu. Tulifanikiwa kwa sababu fundi mitambo alikuwa amehifadhi mafaili ya kila chombo kwa kando, na mkataba wa bendi na mtunzi ulikuwa umeandikwa na kusainiwa. Bendi nyingi ninazozijua hazina kimoja wala kingine.

Lipo pia pengo ambalo takwimu za YouTube haziwezi kuliziba. Wimbo wetu mmoja ulienea sana kwa mafaili yanayotumwa WhatsApp na kwa vibanda vinavyowaingizia watu nyimbo kwenye flashi, na kule hakuna anayehesabu. Tuligundua hivyo ukumbini, pale watu ambao hatukuwahi kuwaona walipoitikia kiitikio chote kabla waimbaji hawajafungua midomo.

Nikipima yote, naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya malipo madogo na usumbufu wa madai ya uongo. Kwa bendi inayopiga jukwaani kila wiki naipendekeza bila kusita, mradi maoni yajibiwe na mtu wa bendi, na ratiba ya kumbi ibandikwe juu ya maoni yote na ibadilishwe kila Jumatatu. Bendi isiyo na ukumbi wa kudumu itapata watazamaji, lakini watakapouliza Jumamosi inapiga wapi, haitakuwa na la kuwajibu.