Alone: shoo ya porini ambayo adui ni njaa na upweke

Kama umechoka na zile reality shoo za watu kugombana na kupigiana kura, aisee itafute Alone. Ilianza 2015 kwenye chaneli ya History kule Marekani na bado misimu inatoka, na kwangu mimi ndo shindano la kweli kuliko yote ya aina hii, kwa sababu moja kubwa: hakuna cameraman.

Watu 10 wanashushwa porini, kila mtu na eneo lake, hawaonani. Unaruhusiwa kuchagua vitu 10 tu kwenye orodha yao, msumeno, shoka, sufuria, ndoano, begi la kulalia na kadhalika, nguo mbali. Halafu unajirekodi mwenyewe, yaani mtu ana njaa wiki ya tano hana nguvu, lakini inabidi atege kamera, apite mbele yake na gogo begani, halafu arudi tena kuifuata. Ukizidiwa unapiga simu ya satelaiti wanakuja kukuchukua na safari yako imeisha. Anayebaki mwisho anachukua dola 500,000. Na utamu uko hapa, hakuna anayejua wenzake wamebaki wangapi, kwa hiyo mshindi anajua madaktari wamekuja kumpima kama kawaida, kumbe nyuma yake anatokea mke wake au ndugu yake. Hizo dakika mbili tatu za mwisho sijawahi kuziangalia macho makavu.

Anza na msimu wa 6, usianze na wa kwanza. Uko Great Slave Lake, kaskazini kabisa mwa Kanada, baridi ya kugandisha ziwa. Jamaa anaitwa Jordan Jonas anakamata sungura wa kutosha, anakula kila siku, na bado anakonda! Sababu ni kwamba sungura hana mafuta, na nyama tupu bila mafuta mwili haukai nayo, hilo shoo inakuonyesha polepole mpaka unaelewa mwenyewe bila kuhubiriwa. Basi anajenga uzio wa miti kuelekeza wanyama wapite anapotaka yeye, anafunga na makopo yapige kelele mnyama akigusa, na kweli anampiga kwa mshale moose, yule kulungu mkubwa kama farasi. Ungedhani kazi imeisha, lakini wolverine, mnyama mdogo mkali mla nyama wa nchi za baridi, anaanza kuja kumwibia mafuta aliyoyahifadhi, na mwisho wanakutana uso kwa uso, jamaa anammaliza kwa shoka. Alishinda siku ya 77 na hakuwa ameishiwa chakula. Hapo unamwona mtu ANAISHI porini, hasubiri tu wenzake waanguke.

Na hilo ndo lalamiko langu kubwa kwa misimu mingine. Kuna wakati inageuka kuwa shindano la nani aliingia na kitambi kikubwa, watu wanalala kwenye kibanda kutwa nzima kutunza nguvu na sisi tunaangalia wanavyoisha. Msimu wa 3 kule Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, dada mmoja alitolewa na madaktari siku ya 86 kwa sababu ya uzito kushuka mno, na siku ya 87 mshindi akapatikana. Madaktari walifanya sawa kabisa, afya kwanza, ila roho iliniuma kwa sababu kichwani yule dada alikuwa bado yuko imara. Sheria za uwindaji za eneo nazo zinawabana, si kila mnyama anayepita unaruhusiwa kumpiga. Kitu kingine ni uhariri, muziki wa kutisha, tawi linavunjika gizani, tangazo, mkirudi hakuna kitu. Hawahitaji hayo jamani, dubu wa kweli wapo na msimu wa kwanza kuna mtu aliondoka hata siku moja haijaisha kwa ajili yao.

Msimu wa 7 nao mkali, waliweka dola milioni 1 kwa atakayefika siku 100 na Roland Welker akafika, nyumba yake ya mawe peke yake inatosha kukufanya uangalie.

Ila kwa upande wa upweke hakuna aliyenigusa kama Gina Chick wa Alone Australia, yaani shoo hiyohiyo toleo la Australia, siku 67 kwenye kisiwa cha Tasmania. Wengi wenye misuli na ujuzi wa kila aina wanarudi nyumbani kwa kukumbuka watoto, na siwalaumu hata kidogo. Yeye anaongea na pori, anacheza, analia waziwazi kisha anaendelea na kazi zake, na unaona kabisa kwamba pale hajifichi wala hajilazimishi. Wakimaliza msimu wa 6 wa Marekani mimi huwa nawaambia watu waende moja kwa moja kwa Gina, hiyo mingine ije baadaye.