Nzuguni au Ihumwa: ununue wapi mashariki mwa Dodoma?

Kata hizi mbili zimepakana kwenye barabara ya Dar es Salaam. Ukitoka mjini unaanza Nzuguni, unafuata Ihumwa, kisha Mtumba ulipo Mji wa Serikali. Dalali atakwambia zote ni "karibu na Mtumba", lakini fedha inazaa kwa namna tofauti kila upande.

Nzuguni inalipa mapema. Stendi kuu ya mabasi, Soko la Job Ndugai na viwanja vya Nanenane huleta wapangaji wa kila kipato. Chumba na sebule chenye choo ndani na mita yake ya LUKU hupata mtu haraka kuliko nyumba nzima ya vyumba vinne. Tena Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) ina mradi wa nyumba 3,500 za watumishi hapo hapo Nzuguni, kwa hiyo kujenga nyumba kubwa kwa kuwategemea watumishi peke yao ni hatari.

Ihumwa inamfaa mwenye subira. Ina bandari kavu, na barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inapita huko. Hapo ndipo wengi huumia: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na ukijenga ndani yake utavunjiwa bila fidia. Pima kwa futi kamba kabla ya kutoa hata arubuni.

Karatasi ndiyo kazi kubwa kote kuwili. Hadi Mei 2017 ardhi ya Dodoma ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyokuwa ikitoa hati za miaka 33. Baada ya kuvunjwa kwake jukumu lilihamia halmashauri, na hati zikawa za miaka 99. Muuzaji mwenye karatasi za CDA pekee akamilishe kwanza kuzibadili. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haithibitishi milki. Chukua namba ya kitalu na ya kiwanja, fanya upekuzi kwa msajili wa hati, linganisha jina na kitambulisho cha NIDA, kisha mpeleke mpima akuoneshe bikoni zote (alama za mipaka) uwanjani. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili hugundulika hapo. Kama ni nyumba ya familia, dai ridhaa ya mwenza kwa maandishi; bila hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, nawe uweke akiba ya ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani. Risiti za kodi ya pango la ardhi azitoe kabla hujalipa, maana deni hubaki kwenye kiwanja.

Maji usiulize kwa muuzaji, uliza jirani: bomba hutoka siku ngapi kwa wiki? Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kila mtu, tangi la lita 5,000 litadumu siku 20. Dogo kuliko hilo litakufanya uishi kwa maboza.

Chimba shimo la mita moja na nusu. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ujue huvimba masika na kunywea kiangazi. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha ya nyumba za jirani ndizo dalili. Msingi wa kawaida hautatosha, na gharama ya nondo na zege ipunguze kwenye bei unayotaja. Kiwanja kilicho ndani ya mita 60 za korongo kiache, hata kikiwa nusu bei.

Anayetaka kodi ya wapangaji mwaka huu aende Nzuguni, nyumba iliyokwisha kuunganishwa umeme na maji. Mwenye fedha ya kutulia miaka mitano achukue Ihumwa, kiwanja kilichopimwa chenye nguzo ya umeme ndani ya mita 30.