Alama ya kukatia au mantiki ya fazi: tumpimeje mtoto mdogo?
Dodoso la SDQ, la kupima hisia na tabia za watoto, lililotolewa na Robert Goodman mwaka 1997, lina vipengele 25. Kwa mgawo wake wa awali, mzazi akijaza, alama 16 ni mpakani, 17 ni hatari: hapo ndipo alama ya kukatia. Unajumlisha kwa kalamu, umemaliza. Lakini mama akisita tu kati ya “kweli kiasi” na “kweli kabisa”, mtoto amehamishwa kundi!

Mantiki ya fazi, inayopima kwa viwango badala ya ndiyo au hapana, aliyoianzisha Lotfi Zadeh mwaka 1965, haikati hivyo. Mwenye 16 anaweza kuwa, kwa mfano, mpakani kwa 0.6 na hatarini kwa 0.4, kisha kanuni huunganisha dalili: wasiwasi ukizidi na usingizi ukiharibika, hatari inapanda. Inadai kompyuta, na wataalamu wa kutunga kanuni. Kwa mtoto wa miaka minne, anayebadilika kila wiki, ningechagua hii.