Uzoefu wangu: kutoka Newfound Gap hadi Charlies Bunion kwa siku moja

Miongoni mwa njia za milimani ambazo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hii ya kutoka Newfound Gap, pengo la mlimani linalofikika kwa gari, hadi mwamba wa Charlies Bunion ndiyo ninayoipa alama za juu kabisa. Ni kipande cha Appalachian Trail, njia ndefu ya kutembea kwa miguu, kinachofuata mgongo wa Milima ya Great Smoky nchini Marekani, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina. Kwenda na kurudi ni kilomita 13 hivi, na kwa kuwa mwanzo wake uko mita 1,538 juu ya usawa wa bahari, gari linakufikisha juu na nguvu zako zote zinabaki kwa ajili ya msitu wenyewe.

Ni vigumu kupotea, kwa sababu alama za rangi nyeupe zimepakwa kwenye miti njia nzima. Kinachotaka uangalifu ni mahali pa kukanyaga, kwani mawe na mizizi hubaki na unyevu hata jua likiwaka, hivyo viatu vyenye soli inayoshika vizuri ni vya lazima. Fimbo ilinifaa zaidi wakati wa kurudi, maana baada ya kuteremka kuelekea Charlies Bunion, mlima unakusubiri uupande tena.

Sehemu ya juu kabisa ya njia hii, karibu mita 1,800, ina baridi ya kutosha kustawisha miti ya jamii ya misonobari, na hewa yote inanukia utomvu. Katikati ya miti hai yamesimama mashina makavu ya kijivu, yasiyo na gome, ya miti iliyouawa na kidudu kidogo kilicholetwa kutoka Ulaya. Iliniuma kuyaona, ingawa chini yake miche michanga imechipua kwa wingi, imesongamana kiasi kwamba mkono haupenyi.

Kisha msitu unakatika ghafla na unajikuta juu ya mwamba mtupu wa Charlies Bunion. Mwaka 1925 moto uliteketeza miti ya hapa, udongo ukakosa mizizi ya kuushikilia, na mvua kubwa ya mwaka 1929 ikausomba. Karibu karne nzima imepita na bado ni vichaka tu vilivyojishikiza kwenye nyufa, ilhali hatua chache nyuma unakanyaga udongo mweusi na laini. Kwangu mimi, tofauti hiyo ina thamani kuliko mandhari ya mabonde, ambayo nayo ni ya kupendeza mno. Watoto washikwe mikono hapo, kwa sababu ukingo wa mwamba ni genge.

Kasoro ninayoiona ni msongamano. Eneo la kuegesha magari hujaa mapema, na mwambani watu hupanga zamu ya kupiga picha, kwa hiyo ninashauri kuanza alfajiri, katikati ya wiki. Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, ambamo njia hii imo, haitozi kiingilio, lakini tangu mwaka 2023 kila gari linaloegeshwa kwa zaidi ya dakika 15 huhitaji kibali, ambacho kwa siku ni dola 5. Mbwa hawaruhusiwi katika njia hii. Maji ya chemchemi iliyo karibu na kibanda cha wasafiri yachemshwe au yachujwe kabla ya kunywewa, na dubu weusi, ambao makazi yao ni humu, wasikaribiwe chini ya mita 46.