MRI ya kichwa: picha safi, ripoti ya kulipua

Nyota 3. Jina la kituo nalificha sitaki kesi, ila ni hapa hapa Dar, nilimpeleka shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na nundu ngumu utosini, sisi tukajua kajigonga, mara mguu wa kushoto ukawa unaburuta, siku moja akiwa anakula ukaanza kucheza wenyewe tu ndo tukashtuka. Dokta akaandika MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani, yenye kontrasti, yaani dawa ya kufanya picha ionekane vizuri.

Mapokezi wako poa. Wanataka kipimo cha figo kwanza sababu ya ile dawa wanayochoma mshipani, pini za nywele nje, hereni nje, hadi sidiria yenye chuma, shangazi akanuna weee. Kelele za mashine usiombe, wanakupa vya kuziba masikio lakini wapi. Dakika 40 hivi, akatoka ananambia mwanangu humo nimesoma Ayatul Kursi mpaka hesabu imenipotea.

Sasa ripoti. Mistari minne! Meninjioma, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, basi. Tukagugo tukafurahi maana meninjioma nyingi sio kansa. Bingwa wa upasuaji karatasi hata hakuiangalia, akaomba CD ya picha akatuonyesha: uvimbe umekula fuvu umetokea nje, ile nundu ndo yenyewe, kwa ndani umezama kwenye ubongo na umeng'ang'ania ule mshipa mkubwa wa damu unaopita juu katikati ya kichwa, akasema hapo kwenye mshipa siutoi wote, nikilazimisha namuua. Alivyopasuliwa maabara ikaleta daraja la 3, yaani lile kali kuliko yote, kwenye meninjioma mia unaipata kama 1 mpaka 3 tu. Sawa, daraja linaamuliwa na darubini, hilo siwalaumu, ila mfupa ulioliwa si unaonekana kwenye picha jamani, mimi fundi aluminiamu niliuona!

Nyota 2 nimekata hapo. Picha zenyewe dokta alizisifia. Ukienda dai CD yako, usikubali filamu na bahasha tu, sisi tulishafika getini bila CD ikabidi turudi.

Shangazi saizi yuko wiki ya nne ya mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa hapa Dar, zimebaki wiki mbili. Vidonge vya deksa (deksamethasoni, vya kupunguza uvimbe wa ubongo) vinamfanya anaamka saa nane usiku kutafuta kiporo. Mguu unarudi kidogo kidogo.