Seti ya gesijoto na maji kwa somo la jiografia: nunua kwa ajili ya maji, joto lirekebishe mwenyewe

Seti hii ya kuonyesha kazi ya gesijoto (gesi za angahewa zinazozuia joto la dunia lisitoroke) na mgawanyo wa maji inapatikana katika maduka ya vifaa vya shule Kampala na imekusudiwa S.1 hadi S.4 (kidato cha kwanza hadi cha nne). Ndani ya boksi kuna chupa mbili za lita moja zenye vifuniko vilivyotobolewa, vipimajoto viwili vya spiriti nyekundu, taa ya mezani, pakiti ya bikaboneti ya sodiamu (ile ya kuokea keki), kichupa cha siki cha mililita 30, silinda ya kupimia, kitoneshi na chati mbili za ukutani.

Upande wa maji unafaa, ila kipimo chake ni kidogo mno. Maelekezo yanataka lita moja isimame badala ya maji yote ya dunia. Kwa kipimo hicho maji ya maziwa na mito hayafiki hata matone mawili, na wa benchi la nyuma haoni kitu. Tumia jerikeni la lita 20. Chota nusu lita: hayo tu ndiyo yasiyo na chumvi. Humo tenga mililita 345 za barafu na theluji, kisha 150 za chini ya ardhi. Zinabaki tano, na nyingi kati ya hizo ni barafu iliyomo katika ardhi iliyoganda. Maziwa na mito yote, Victoria ikiwemo, ni mililita 1.3 hivi, matone 26 ya kitoneshi. Yahesabuni kwa sauti darasa zima.

Chati ya maji imechapa viwango sahihi: chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mtu kwa mwaka ni shinikizo la maji, chini ya 1,000 ni uhaba, chini ya 500 ni uhaba uliokithiri. Lakini ramani imepaka rangi moja palipokosekana mvua na palipokosekana bomba. Karamoja yenye msimu mmoja wa mvua si sawa na mtaa wa Kampala unaopanga foleni ya majerikeni huku ziwa likionekana kule chini. Chora mpaka huo kwa kalamu kabla ya kuitundika.

Upande wa joto ndio wenye kazi. Maelekezo yanasema umimine siki na bikaboneti ndani ya chupa moja zitoe kaboni dayoksaidi, ambayo ni gesijoto, ya pili ibaki kavu yenye hewa tu, kisha ulinganishe joto lao chini ya taa. Hapo jaribio limeshaharibika: mmenyuko huo hufyonza joto, na chupa moja ina majimaji huku nyingine haina. Tengenezea gesi katika chupa ya tatu, uipeleke kwa mrija wa dripu wa duka la dawa hadi chini kabisa. Kaboni dayoksaidi ni nzito, itasukuma hewa juu. Siki ya mililita 30 haijazi lita moja. Weka 75 kwa kijiko cha chai cha bikaboneti, gramu 5. Kiberiti kikizimika mdomoni mwa chupa, imejaa.

Taa iliyomo ni ya LED, haitoi joto la maana. Tafuta balbu ya uzi ya wati 60, sentimita 30 kutoka kila chupa, usome kila dakika mbili kwa dakika 20. Tofauti mara nyingi ni nyuzi moja au mbili, na vipimajoto vya bei hii vyenyewe huweza kupishana kiasi hicho. Vibadilishane chupa, urudie.

Hata ukipata tofauti, usiseme umeionyesha angahewa. Argoni, gesi nzito ambayo si gesijoto, hupandisha joto la chupa vilevile, kwa sababu gesi nzito haichanganyiki upesi na hewa ya nje. Kitalu nyumba nacho hupata joto hasa kwa kuzuia hewa moto isiondoke. Gesijoto hufyonza mionzi ya joto inayotoka ardhini na kurudisha sehemu yake chini. Bila hizo wastani wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Chati ya pili inachora jua likipenya tundu la ozoni kana kwamba ndilo chanzo cha dunia kupata joto. Hiyo iache ndani ya boksi.

Kabla ya kulipa, omba kikombe cha barafu inayoyeyuka: vipimajoto vyote viwili visome sifuri. Ukivijaribu kwa maji yanayochemka Kampala, vikisoma kama 96, si 100, kwa kuwa mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, usirudishe kizima.