Waipa zipi ununue kabla masika hayajaanza

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kwenda hadi Mei. Wengi hukumbuka waipa siku maji yameshamwagika, wamekwama kwenye foleni Barabara ya Mandela, lori linarusha matope na bodaboda isiyo na taa inapita ubavuni. Hapo mtu hununua chochote kinachopitishwa dirishani. Nunua sasa hivi, jua likiwa bado kali, kwa sababu jua hilo ndilo lililoziua ulizo nazo. Raba hukakamaa na kupasuka kwa joto hata kama miezi imepita bila tone la mvua. Gari linaloshinda juani lihesabie raba mpya kila mwaka.

Mpangilio huu nimeufanya kwa kuangalia magari tuliyo nayo wengi, Toyota za mtumba kutoka Japani: IST, Passo, Raum, Noah. Mengi yana mkono wa waipa wenye ndoano iliyopinda kama herufi U, kwa hiyo kupata zinazoingia si kazi. Pima urefu wa kila upande, maana ya dereva huwa ndefu kuliko ya abiria.

Nafasi ya kwanza naipa waipa bapa. Hazina fremu yenye viungo. Ndani mna ukanda wa chuma uliopinda unaoikandamiza raba sawasawa kuanzia ncha hadi ncha. Viungo vikikosekana, kutu nayo hukosa pa kuanzia, na kwa mkazi wa Kigamboni au Msasani anayepigwa na upepo wa chumvi hilo ni jambo kubwa. Shida yake ni feki. Jina la Bosch au Denso kwenye boksi halitoshi. Mkunjo usipolingana na kioo chako, ncha zitanyanyuka na kuacha mchirizi wa maji mbele ya macho yako kabisa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji azifunge, mwaga maji kwenye kioo, kisha uziwashe. Muuzaji wa Kariakoo au Gerezani anayeuamini mzigo wake hatakataa.

Ya pili ni kununua raba peke yake, na kwa mwenye bajeti ndogo ningeanzia hapa. Fremu ikiwa bado imenyooka na haichezi, hakuna sababu ya kuitupa. Ila simama karibu na fundi. Vile vyuma viwili vyembamba vinavyokaa ubavuni mwa raba lazima vihamishiwe kwenye raba mpya, na raba ibanwe mwishoni isichomoke. Ikichomoka, chuma kitakwaruza kioo, na kioo kilichokwaruzika hutawanya mwanga wa kila gari linalokuja usiku. Bei ya kioo kipya unaijua.

Tatu, za silikoni. Zinavumilia jua kuliko raba ya kawaida, lakini bei iko juu na baadhi hutetemeka kwenye kioo kichafu. Nne, waipa mpya za fremu ya chuma: zinafanya kazi vizuri mpaka kutu ianze. Zile za kwenye mataa naziweka mwisho, kwa sababu hupati nafasi ya kuzijaribu, na taa ikiwaka kijani muuzaji umeshamwacha nyuma.

Kuna aina moja ambayo huenda imekuja na gari lako bila wewe kujua. Mikoa ya Japani yenye baridi kali kama Hokkaido, madereva hufunga waipa za theluji wakati wa kipupwe. Fremu yake yote imevikwa raba nyeusi ili barafu isigande kwenye viungo, na raba ya kufutia ni laini ili isikakamae kwenye baridi. Huko zinaokoa maisha. Kwenye joto letu ulaini huo unaisha upesi, na uzito wake ni mzigo wa bure kwa mota. Ukiikuta waipa nene iliyofunikwa namna hiyo, ibadilishe.

Waipa mpya kwenye kioo chenye mafuta ni hela iliyopotea. Moshi wa dizeli huacha utando unaogeuka ukungu mweupe tone la kwanza likianguka. Osha kioo kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza vizuri, futa pia ukingo wa raba ya waipa, kisha jaza tangi la maji ya waipa.

Kioo kikififia mvua ikinyesha, kipitishe kidole kwa ndani. Kidole kikiacha alama, ukungu uko ndani: washa kiyoyozi na uelekeze upepo kwenye kioo. Kisipoacha, uko nje kwa sababu kiyoyozi kimekipoza kioo kupita kiasi: punguza baridi, geuza upepo usikipige kioo, na uwashe waipa.